Alama Kwenye Mzinga

Mwezi Juni 2022, asali mpya ikiwa imeanza kuingia ghalani, nilikuwa stendi ya mabasi hapa Tabora mjini nikisubiri madumu mawili ya sampuli kutoka kwa wenzetu wa Sikonge. Nilikuwa na mfanyabiashara aliyetoka Dar es Salaam kuja kuangalia nta. Akatoa simu, akachapa anwani iliyoandikwa kwenye lebo ya chupa yetu, kisha akanigeuzia kioo. "Mama Katibu, mbona hapa hakuna kitu?" Ukurasa ulikuwa mweupe, na juu yake mstari mmoja tu wa Kiingereza: muda wa jina hili umekwisha.

Nilimwambia mtandao unasumbua, na wakati huo niliamini hivyo. Jioni nikampigia fundi aliyetutengenezea tovuti. Hapatikani. Kesho yake hapatikani. Wiki ikaisha.

Sisi ni chama cha ushirika cha wafuga nyuki. Wanachama wetu wengi wako vijijini, Uyui na Sikonge, na ofisi iko mjini, Isevya, chumba kimoja na ghala. Tovuti ile tuliitengeneza mwaka 2019 kwa shilingi 1,800,000, fedha iliyotokana na makato ya kila kilo ya asali aliyoleta mwanachama. Ni jasho la watu waliopanda miti usiku na moshi mkononi, wakashuka wameumwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nieleze tulivyompata yule wa kwanza, maana kosa lilianzia pale. Alikuja kwenye mkutano wetu katika darasa la shule ya msingi, akafunga projekta, akatuonesha ukutani tovuti alizowahi kutengeneza. Picha zilikuwa zinatembea, maandishi yanaingia kwa madaha kutoka pembeni. Watu wakapiga makofi. Maswali yalikuwa mawili: bei gani, na itakuwa tayari lini. Siku hiyohiyo tukampa asilimia 70 ya malipo. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja aliouandika yeye, na mimi ndiye niliyeutia saini kwa niaba ya chama.

Kijana mmoja wa steshenari karibu na soko ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia kwamba majina yote yanayoishia na .tz yamo kwenye rejesta moja, na kuna mahali pa wazi pa kuulizia: unaandika jina la tovuti, unaoneshwa limesajiliwa na nani, kupitia msajili yupi, yaani kampuni inayowasajilia watu majina, na linaisha lini. Akaandika jina letu. Kwenye nafasi ya mwenye jina palikuwa na jina binafsi la yule fundi na barua pepe yake binafsi. Chama hakikutajwa popote. Miaka mitatu tulikuwa tukisema "tovuti yetu", na kwenye karatasi haikuwahi kuwa yetu hata siku moja.

Tulimwandikia msajili. Akajibu kwa adabu kwamba anaweza kupokea maelekezo ya mwenye jina tu. Agosti tukampata yule fundi. Alikuwa ameacha kazi ya tovuti, yuko machimboni Geita, simu ameshabadilisha. Kwa kweli sikumwona kama mwizi. Alisajili kwa jina lake kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya haraka, akalipia 2020, akalipia 2021, mwaka wa tatu maisha yakamhamisha. Hata nywila ya barua pepe aliyosajilia hakuwa anaikumbuka tena. Tungeweza kuendelea kumfuata. Kamati ikaamua tuache, tusajili jina jipya.

Kilichopotea zaidi ya jina ni barua. Barua pepe ya ofisi ilikuwa imefungwa kwenye jina lilelile, hivyo jina lilipokufa na sanduku likafa. Mwezi Oktoba mnunuzi mmoja wa Arusha alikutana na mwenyekiti wetu kwenye maonesho, akamuuliza kwa nini tulimdharau. Alikuwa ametuandikia mara mbili akitaka tani tatu za nta. Alishanunua kwingine.

Ikabidi niwaeleze wanachama. Mkutano ulikuwa mgumu, na wazee walikuwa na haki ya kuuliza. Mzee wetu mmoja wa Ipole, mrinaji tangu ujana wake, akasimama: "Katibu, mwanangu, sisi hatujui mambo ya kompyuta. Tuambie kwa lugha yetu, kilichoibiwa ni nini?"

Nikamwuliza, "Babu, ukitundika mzinga msituni, watu wanajuaje kuwa ni wako?"

"Kwa alama. Kila mtu ana alama yake, naichonga kabla sijautundika."

Nikamwambia tovuti nayo ni hivyohivyo. Kurasa na picha ndizo mzinga. Mahali zinapohifadhiwa, ile kompyuta ya mbali tunayolipia kila mwaka, ndio mti. Mti ukikushinda unashusha mzinga unautundika kwingine. Jina la tovuti ndilo alama. Sisi tulilipia mzinga, tukalipia na mti, halafu tukamwachia fundi achonge alama yake. Mzee akakaa chini, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi safari hii alama tuchonge wenyewe, kabla fundi hajafika."

Ndivyo tulivyofanya. Kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, mimi na mhasibu tulisajili jina sisi wenyewe kupitia msajili aliyeidhinishwa, kwa jina kamili la chama kama lilivyo kwenye cheti cha usajili wa ushirika. Tulichagua linaloishia na .or.tz, ambalo ni la taasisi zisizo za kibiashara. Wenzetu wengine wenye ushirika huchukua .co.tz, na hilo nalo halina ubaya. Barua pepe tuliyosajilia ni ya ofisi na haitegemei jina hilohilo, ili siku jina likiwa na tatizo tuweze kupokea taarifa. Namba za simu tuliweka mbili. Nywila iko kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini kwa mhasibu, pamoja na hati ya kiwanja. Gharama ya yote hayo ilikuwa ndogo kuliko debe moja la asali.

Hapo ndipo tukatafuta kampuni.

Tuliandika hadidu za rejea, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Tuliandika tovuti ni ya kumsaidia nani: mnunuzi anayetaka kujua tuna asali na nta kiasi gani na inatoka wapi, na mwanachama anayetaka kujua bei ya msimu na siku ya mkutano. Zikaja kotesheni nne. Moja ilikuwa ya shilingi 6,000,000 kutoka Dar es Salaam. Ya pili, ya kampuni ndogo ya watu watatu Mwanza, 1,300,000. Ya tatu 450,000. Ya nne ilikuwa 150,000, nayo ilitoka kwa mpwa wa mjumbe wa kamati, kijana anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma.

Hiyo ya mwisho nataka niizungumzie, kwa sababu najua ofisi nyingi zimepita hapo na hazisemi. Kumkatalia mtoto wa nyumbani ni kazi. Mjomba wake alinifuata ofisini akaniambia, "Mama Katibu, hela ya chama ibaki kwa watoto wa chama." Nami nilimwelewa. Lakini kijana angemaliza chuo, angepata kazi mahali, na sisi tungerudi kulekule kwa mtu mmoja na simu moja. Nilimwita kijana mwenyewe likizo ilipofika, nikamweleza bila kumzungusha. Nikamwomba afanye kazi nyingine, na kwa malipo: apige picha vijijini, na ajifunze kutoka kwa kampuni tutakayoichagua namna ya kuweka habari na kubadilisha bei, kisha atufundishe sisi ofisini. Alikubali. Picha zake ndizo zilizo kwenye tovuti mpaka leo. Tovuti ya kwanza ilikuwa na picha ya masanduku meupe ya nyuki kwenye majani ya Ulaya. Hii ya sasa ina mzinga wa gome juu ya mti wa myombo, na mwanamke wa Uyui akikamua masega kwenye ndoo, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Mnunuzi akiuliza asali inatoka wapi, picha inamjibu.

Kwa zile tatu zilizobaki, niliacha kuangalia maonesho yao nikaomba kitu kimoja: anwani za tovuti tatu walizotengeneza zaidi ya miaka miwili iliyopita, na namba ya simu ya mtu aliyeagiza kila moja. Tovuti ya mwezi uliopita huwa nzuri kila mahali. Ya miaka miwili ndiyo inayoonesha fundi anaishije na kazi yake. Kampuni ya 450,000 ilinipa tatu. Mbili zilikuwa zimezimika, na ya tatu ilifunguka ikiwa imejaa matangazo ya dawa yaliyoingizwa na wadukuzi. Baadaye nilijifunza kwamba hilo hutokea sana pale tovuti inapojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, halafu hakuna anayeisasisha, au fundi anapotumia temu ya kulipia, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, iliyovunjwa leseni, ambayo mara nyingi huja na mlango wa siri ndani yake. WordPress yenyewe haina kosa. Ni programu huria, ipo tangu 2003, haina malipo ya leseni, na faida yake kwa chama kama chetu ni kwamba kampuni moja ikishindwa, mafundi wengine wanaoijua wapo mji wowote. Tovuti yetu ya kwanza ilikuwa kwenye mfumo wa yule fundi mwenyewe, ambao hakuna mwingine aliyeweza kuufungua.

Kisha nikapiga simu, moja baada ya nyingine. Sikuuliza kama waliridhika, kwa sababu mtu aliyelipa hupenda kusema ameridhika. Niliuliza: mara ya mwisho tovuti yako kuharibika ilikuwa lini, ulimpigia nani, na ilichukua muda gani? Mkuu wa shule moja aliyetengenezewa na ile kampuni ya Dar es Salaam alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, wakati wa kutengeneza walikuwa wanapiga wao kila siku. Siku hizi nikipiga napokelewa na mtu ambaye hanijui." Katibu wa kikundi kimoja cha akiba aliyehudumiwa na wale wa Mwanza aliniambia tovuti yao ilizimika siku ya Jumamosi, na Jumapili mchana ilikuwa imerudi, kisha wakatumiwa ujumbe wa kueleza kilichotokea. Alikumbuka mpaka jina la binti aliyempokelea simu. Nilijua hapohapo kwamba nimepata watu, ingawa kamati ilihitaji kusikia zaidi.

Wakaja Tabora wawili kutoka Mwanza, mmoja wao yule binti wa simu. Nikawapeleka Ipole kwa gari la abiria, tukiwa na simu mbili za bei ya chini, kama zile walizonazo wanachama. Kule mtandao unapatikana ukisimama sehemu fulani, karibu na mwembe ulio nyuma ya ghala. Tulisimama pale tukafungua tovuti yao moja ya mfano. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilipofika arobaini na mbili, picha ya kwanza ilikuwa bado haijatimia. Yule binti akaniangalia, akachukua daftari akaandika. Alinieleza kwamba picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti nne au tano, na wao walikuwa wameweka tatu za namna hiyo juu kabisa, zinazotembea. Wiki mbili baadaye walituma toleo jingine: picha moja, imepunguzwa, na bei za msimu zimeandikwa juu kama maandishi ya kawaida. Mzee wa Ipole alisimama chini ya mwembe uleule akafungua kwa simu yake, nami nikiwa ofisini nimemshikilia kwa simu ya mjukuu wake. Nilihesabu mpaka saba. "Imefika," akasema. "Nta wameandika bei."

Kwenye mkataba tulibishana kidogo na tukamaliza. Malipo yaligawanywa mara tatu, na sehemu ya mwisho, asilimia 30, ililipwa baada ya sisi kukabidhiwa nywila zote, kuingia wenyewe, na kupewa nakala rudufu ya tovuti nzima kwenye kifaa chetu. Nakala nyingine hutumwa kila mwezi. Mahali pa kuhifadhi tovuti tunalipia sisi moja kwa moja, kwa akaunti ya chama. Kampuni inaruhusiwa kuingia, na tukitaka tunaiondoa. Matunzo ya mwaka yana bei yake na yameandikwa ni kazi zipi. Kulikuwa na mstari wa shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye anwani. Yule kijana wa Dodoma alinong'ona kwamba kuna huduma iitwayo Let's Encrypt inayotoa vyeti hivyo bure, vinadumu siku 90, na seva inavihuisha yenyewe. Niliwauliza. Walikubali kwamba kwa tovuti kama yetu hicho kinatosha, wakaufuta mstari. Sikuwahukumu kwa hilo. Namna walivyojibu ndiyo iliyonifanya niwaamini zaidi.

Kuchelewa kulikuwepo, na hapa lawama ilikuwa yetu. Kampuni ilimaliza kazi yake kwa wiki sita. Sisi tulichukua miezi mitatu kuandika historia ya chama, orodha ya bidhaa na maelezo ya vikundi. Nilidhani wao ndio watakaoandika. Fundi wa tovuti hawezi kujua kwa nini asali ya nyuki wadogo ni ya majimaji kuliko ya nyuki wakubwa, wala ni vijiji gani vinarina mapema. Anayejua ni sisi, na kama hatujaandika, anaweka maneno matupu.

Kuna jambo moja tuliloliondoa kabisa. Kwenye tovuti ya zamani tuliweka orodha ya wanachama wote, majina, vijiji na namba za simu, tukiona ni fahari. Mwaka 2021 mama mmoja wa Uyui alipokea ujumbe uliomtaja kwa jina lake na jina la kikundi chake: ile hela ya asali tuma kwenye namba hii. Akatuma 85,000. Siwezi kuthibitisha kuwa namba yake ilitoka kwetu, lakini ilikuwa pale, wazi, na mimi ndiye niliyepeleka orodha ile. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, inafanya kazi, na taasisi inayokusanya taarifa za watu ina wajibu juu yake. Wale wa Mwanza ndio walioniuliza kabla sijawauliza: fomu ya mawasiliano itakusanya nini, itahifadhiwa wapi, nani ataiona? Kampuni nyingine hazikuligusa hilo. Namba za wanachama sasa ziko kwenye leja ofisini. Kwenye tovuti kuna namba ya ofisi tu.

Kila mwaka, mwezi kabla ya jina kuisha muda, mimi na mhasibu tunalipia pamoja. Risiti inaingia kwenye faili, kisha tunafungua rejesta na kuchapisha ule ukurasa unaoonesha mwenye jina. Ukurasa huo unasomwa kwenye mkutano mkuu, pamoja na hesabu za ghala. Mwaka jana Mzee wa Ipole aliomba auone. Akaweka kidole kwenye jina la chama, akamrudishia mhasibu karatasi.

Lebo ndizo zilizotusumbua mwisho. Tulikuwa na lebo 3,000 zenye anwani ya zamani, na hatukuwa na fedha ya kuchapa upya. Tukachapa vibandiko vidogo vyenye anwani mpya, na akina mama sita wa kikundi cha mjini wakaja ofisini siku mbili kubandika, chupa baada ya chupa, juu ya mistari ya zamani. Lakini chupa nyingi zilikuwa zimeshatoka. Juzi nilikuwa nasubiri treni nikaingia dukani karibu na stesheni, na juu ya rafu, nyuma ya pakiti za majani ya chai, palikuwa na chupa yetu ya mwaka ule, ina vumbi, ina anwani isiyofika popote. Vibandiko huwa natembea navyo kwenye pochi. Nikamwomba mwenye duka kitambaa, nikaifuta chupa, nikabandika.